Vuli ya Ndege ya Baba

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Muhula wa tatu umeanza. Madam Emérence, mwalimu wetu wa fizikia, ametaka kila mmoja wetu aandike shajara mpaka shule zifungwe, ili tujifunze kutazama. "Andika unachokiona," alisema, "halafu ndipo useme unafikiri nini." Hakusema tuandike kwa lugha gani. Shuleni naandika Kiingereza na barabarani nasema Kiluganda. Hii nitaiandika kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu Kibuli, ambacho ukoo wa Baba umekitunza hapa Kampala tangu babu zake walipokuja na biashara kutoka pwani.

Cha kutazama ninacho. Nyuma ya gereji ya Baba, kule Katwe, kuna ndege. Haijakamilika. Mwili wake ni mbavu za mbao nyepesi za musizi, mkia ni mabomba ya chuma, na puani imefungwa injini ya gari la Porsche. Gari lenyewe lilikuwa la mashindano. Mwenyewe, Mhindi mmoja, aliligonga kwenye mti njia ya Mityana, na mwaka juzi, Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, akamwachia Baba mabaki.

Watu wengine wangechukua viti na magurudumu. Baba alitazama injini. Ina silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili huku, na haitumii maji, inapozwa kwa upepo tu. "Injini isiyobeba maji," Baba husema, "ilizaliwa iruke. Waliifunga kwenye gari kwa makosa."

Kurusha ndege anajua. Zamani alikuwa fundi wa klabu ya marubani njia ya Entebbe, na wale wenye ndege walimfundisha taratibu, Jumapili baada ya Jumapili. Sasa wameondoka wote. Kiwanja kimebaki na nyasi na mlinzi mmoja.

Mama anasema mwanamume mwenye akili hutengeneza magari aliyoletewa.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Katwe yote ni tope jekundu.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nilimpelekea Baba chakula gereji. Afande Obwona alikuwepo. Huyu ni mtu wa Gulu, alikuwa fundi wa ndege za jeshi, kisha akaacha, na hakuna anayeuliza aliachaje. Amepanga chumba karibu na mashine za kusaga mahindi. Baba anampenda kwa sababu anajua kukaza nati za ndege, ambazo hufungwa kwa waya zisijifungue zenyewe angani.

Mimi simpendi. Askari wakipita barabarani yeye huwasalimia kwa lugha yao, na wengine humpa sigara. Mtu aliyeacha jeshi angewakimbia.

"Wewe nasoma nini siku hizi?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Fizikia, Afande."

"Fizikia nasema ndege yetu itaruka?"

"Bado hatujafika huko."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hata sisi bado hatujafika," alisema.

Nimeandika nilichokiona. Ninachofikiri ni kwamba mtu huyu anatutazama sana.

Jumanne, 17 Septemba

Ramadhani imeingia. Sukari hakuna, hata ya magendo. Mama amepika uji kwa asali.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo injini iliwaka. Lazima nieleze vizuri, kwa kuwa Baba alinieleza vizuri.

Injini ya gari la mbio hupata nguvu zake inapozunguka kwa kasi sana. Rafadha, ambayo Katwe wote wanaiita pangaboi, haiwezi kufuata kasi hiyo. Ikizungushwa hivyo hupasua upepo bila kuushika. Kwa hiyo Baba ameweka gia mbili za lori baina yao, ndogo upande wa injini na kubwa upande wa rafadha, ili injini ikizunguka mara mbili, rafadha izunguke mara moja. Rafadha ameichonga mwenyewe kwa mti wa mvule, akitazama upande itakaozungukia, na kuipa mpindo unaofaa.

Waliufunga mkia kwa mnyororo kwenye nguzo. Afande Obwona akashika rafadha, akaizungusha kwa mkono, akaruka kando. Sikuwahi kusikia sauti ya namna ile. Mabati yote ya Katwe yalitetemeka. Ndege ilisogea mbele, mnyororo ukakaza, na ndege ikasimama pale ikivuta, inataka kwenda.

Baba alikuwa amefunga, midomo imekauka, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kula.

Jumanne, 24 Septemba

Msiba mdogo. Mabawa yamevikwa kitambaa cha marekani na kupakwa wanga wa muhogo ili kikaze kama ngoma, kabla ya kupakwa vanishi. Leo mbuzi wa jirani wameingia wakalamba bawa la kushoto mpaka limelegea. Mama alipelekewa habari, akaja, akatazama mishono badala ya mbuzi.

"Nani ameshona hapa?"

"Mimi," Baba alisema.

"Gunia la mkaa hushonwa vizuri kuliko hivi."

Lakini hakuchukua sindano. Alirudi nyumbani.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua siku nzima. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Madam Emérence ametupa mtihani wa gia na mikanda. Gia mbili zinazogusana huzunguka kinyume, moja huku na nyingine kule. Magurudumu mawili yaliyounganishwa kwa mkanda huzunguka upande mmoja. Nimepata zote.

Nilipofika gereji nikakuta gia za Baba zimevunjika meno. Zilikuwa za lori, hazikuzoea haraka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Wamekuja.

Nilikuwa gereji nikichambua misumari. Gari la jeshi lilisimama barabarani na kapteni mmoja akashuka. Viatu vyake viling'aa, na alisimama ukingoni mwa tope mpaka mtu akamlazia ubao. Akatembea juu yake kama mtu anayevuka mto, akafika mbele ya ndege.

"Hii iko nini?"

"Ndege, afande," Baba alisema.

"Ndege ya nani?"

"Nimeiunda mwenyewe, afande."

Kapteni aliizunguka. Akagonga ubavu kwa kidole. Akatazama injini kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sauti yake nafika mpaka kambini. Wakubwa nauliza, nani narusha ndege Katwe? Sasa sikiliza, mzee. Jumamosi ijayo nakuja na wakubwa wawili, pale kiwanja ya mpira. Natembeza ndege, sisi naona. Kama nakwenda, serikali nachukua yeye, na wewe nakwenda pamoja na yeye kambini, natengeneza ingine. Kama hapana kwenda, basi wewe nadanganya watu, naficha mali ya magendo na kuita ndege. Naelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Vizuri. Mimi napenda mafundi," kapteni alisema, akavuka ubao wake kurudi.

Wakati wote huo Afande Obwona alikuwa barabarani na dereva wa lile gari, wanavuta sigara na kucheka. Mwezi mtukufu, mchana, mbele ya watu waliofunga. Sasa najua ni nani aliyepeleka habari.

Nyumbani tulifuturu. Kisha Mama akasema, "Ikienda wanakuchukua. Isipokwenda wanakuchukua."

"Basi bora iende," Baba akasema.

"Ichome moto."

"Nikiichoma watauliza majivu ni ya nini."

"Fundi Salumu wa mtaa wa pili walimwita kambini akatengeneze jenereta," Mama alisema. "Mkewe bado anapika chakula cha watu wawili."

Nilimwambia Baba nilichokiona barabarani. Aliniambia, "Sabah, injini ya Porsche bila bomba la kuzima sauti. Nani Kampala hajaisikia? Unahitaji mpelelezi wa nini?" Lakini sikuridhika.

Jumatatu, 7 Oktoba

Baba anatafuta gia nyingine. Hakuna Katwe wala Kisenyi. Vipuri vimekwisha nchini.

Jumanne, 8 Oktoba

Hakuna.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua kubwa. Bwaise maji yameingia nyumbani mwa watu. Mama anasali sana na haongei na Baba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Baba amepata jibu, na lilikuwa jirani siku zote. Mashine za kusaga mahindi! Injini ya kinu ina gurudumu dogo, jiwe lina gurudumu kubwa, na kati yao kuna mikanda ya mpira. Mwenye kinu kimoja amekifunga kwa kukosa mahindi, akamkopesha Baba magurudumu na mikanda mitano. Baba na Afande Obwona wamefunga yote jioni. Hawakuwasha, petroli haitoshi kuchezewa kabla ya Jumamosi. Afande Obwona aliizungusha rafadha kwa mkono, pole pole, akatazama, akaizungusha tena. Kisha akafuta mikono.

"Vipi?" Baba alimwuliza.

"Mikanda nashika vizuri," alisema.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baba ametoka msikitini akaja kukaa nami barazani. Aliniambia nikimaliza shule nisiache fizikia, vyovyote itakavyokuwa. Sikupenda maneno hayo ya vyovyote.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nitaandika taratibu, jambo moja baada ya jingine.

Kiwanja cha mpira kilijaa kana kwamba kuna fainali. Wauza karanga walikuja. Wanafunzi wa shule yangu walikuja, jambo ambalo sikulitaka. Ndege ililetwa juu ya mkokoteni na kushushwa katikati ya uwanja. Haikuwa na mabawa. Vanishi ilikuwa haijakauka kwa sababu ya mvua, na kapteni alikuwa ametaka tu aione ikitembea. Bila mabawa ilifanana na panzi aliyekatwa.

Kapteni na wakubwa wawili walikaa kwenye viti vilivyoletwa na shule ya jirani. Mama alikuwa amekataa kuja. Kisha nikamwona mbali, nyuma ya watu wote, amejifunika kanga mpaka machoni.

Baba alipanda, akajifunga mkanda, akasema Bismillahi kwa sauti ya kawaida kama anayeanza kula. Afande Obwona akazungusha rafadha. Injini ikapiga kelele, watu wakaziba masikio.

Ndege ikatetemeka. Kisha ikaanza kutembea.

Ikatembea kinyumenyume.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa, hata mimi. Baba alidhani magurudumu yamenasa topeni na kwamba nguvu haitoshi. Akaongeza mafuta. Ndege ikazidi kurudi. Akaongeza tena. Upepo wote ulikuwa unapigwa mbele, kofia za watu zikaruka kuelekea katikati ya uwanja, na Baba, amekaza macho mbele kama dereva hodari, akawa anakwenda zake nyuma, mkia kwanza, haraka zaidi na haraka zaidi, moja kwa moja kuelekea golini. Ikapita katikati ya miti miwili bila kuigusa. Wavu ukaikamata.

Baba akazima injini. Kisha mtu mmoja, nadhani ni muuza karanga, akasema, "Gooli."

Uwanja mzima ukapasuka. "Gooli! Ndege imefunga gooli!" Watu walilala chini. Wengine walikumbatiana. Nilitazama viti vya wakubwa. Kapteni alikuwa ameinama na mabega yake yanatikisika, nikadhani ni hasira. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka.

Alikwenda mpaka golini. Alisahau tope. Baba alikuwa bado amekaa ndani, wavu umemfunika kichwani kama shela ya bibi harusi.

"Mzee," kapteni alisema, na akashindwa kuendelea, akaanza tena. "Mzee, ndege yako naogopa mbele."

Mkubwa mmoja aliuliza kama mtu huyu achukuliwe kwa kudanganya serikali. Kapteni akatikisa kichwa. "Hapana. Huyu hapana danganya mtu. Huyu nadanganywa na Porsche." Wote watatu wakacheka upya. Wakaingia kwenye gari lao, na mpaka gari linapinda kona nilisikia wanacheka.

Nilimkimbilia Baba. Nilikuwa na furaha ya kuruka. Yeye aliutoa wavu kichwani, polepole, na hakunitazama.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilikwenda na Baba gereji. Alizungusha rafadha kwa mkono, mara moja, akakaa juu ya ndoo.

"Gia mbili zinageuza," alisema. "Mkanda haugeuzi. Nilichonga pangaboi kwa ajili ya gia, nikaliunganisha na mkanda. Limezunguka kinyume. Mtoto wa shule angeliona."

Mimi ndiye mtoto wa shule, na nilipata zote. Sikuliona.

Afande Obwona alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi iliona," alisema. "Alhamisi. Niliposhika kwa mkono."

Baba aliinuka. "Uliona, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Ukaniacha nipande. Ukaniacha nichekwe na Katwe nzima, mtoto wangu akiona."

"Ndiyo."

Nilidhani Baba atampiga. Afande Obwona hakurudi nyuma hata hatua.

"Mzee Tajudin, sikiliza. Ndugu yangu Oloya alikuwa fundi kuliko mimi, kuliko wewe. Injini inakufa, yeye nagusa tu, nafufuka. Wakubwa napenda yeye sana. Kila siku, Oloya kuja hapa, Oloya tengeneza hii. Kwa sababu ya kupenda, wakachukua yeye. Mpaka leo hapana rudi. Nilifikiri siku mbili. Ndege ikienda, wana amri yake. Ndege ikikataa, wana amri yake. Ndege ikirudi nyuma? Hiyo hawana amri yake."

"Na kama wasingecheka?"

"Ningesema kosa langu, mimi nimefunga mikanda. Niliambia dereva wao siku ile ya kwanza jina langu na nyumba yangu, wajue pa kunikuta."

Baba alitoka nje. Nilibaki na Afande Obwona. Nilitaka kumwomba radhi, lakini yeye hakujua kosa langu, basi nikamsaidia kukunja mikanda.

Jumatatu, 14 Oktoba

Shuleni wananiita Sabah Rivasi. Nikipita wanatembea kinyumenyume.

Jumanne, 15 Oktoba

Madam Emérence ni mtu wa Bukavu, na akifurahi husahau Kiingereza akasema Kiswahili cha kwao. Leo alisikia vicheko, akauliza sababu, akaambiwa. Alicheka yeye pia, nikadhani nimekwisha. Kisha akanipa chaki.

"Sabah, kuya hapa ku ubao. Utuambie juu ya nini ndege ya baba yako ilirudia nyuma. Na ninyi mnaocheka, kila mmoja atasimama aseme angefanya nini."

Nilichora gia, nikachora mkanda, nikachora mpindo wa rafadha. Nilieleza mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Msichana mmoja aliyekuwa wa kwanza kunitania aliuliza kama mtu anaweza kuchonga rafadha nyingine yenye mpindo wa kinyume. Nikasema anaweza. Akauliza, "Sasa mnangoja nini?"

Baba hajaenda gereji tangu Jumapili.

Alhamisi, 17 Oktoba. Idi.

Mama alipika pilau, ya nyama kidogo na viungo vingi. Baba alikaa na sahani yake bila kula. Kisha akachukua bakuli la kaure, lile la wageni, akalijaza yeye mwenyewe, akalifunika.

"Mpelekee Obwona," aliniambia. Hakuongeza kitu.

Afande Obwona alipokea kwa mikono miwili. Aliniambia ningoje. Kwao, kama kwetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Alikiosha, akakijaza ufuta uliosagwa kwa karanga, mzito kama gundi, uliotoka Gulu kwa dada yake Acayo. Nilirudi nacho. Baba alichovya kidole, akaonja, akachovya tena.

"Huyu mtu," alisema, "angekuwa anazungumza kabla, angekuwa malaika." Akavaa viatu akatoka. Mama alimwuliza anakwenda wapi sikukuu. Akasema anakwenda kutafuta kipande cha mvule.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wanachonga. Baba anapiga randa na Afande Obwona anashika ubao. Wanabishana juu ya kila kitu, na hilo limenifurahisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Chumvi hakuna.

Jumanne, 5 Novemba

Maji yameingia gereji mpaka magotini. Tulipandisha mabawa juu ya boriti za paa, watu wote wa Katwe tuliowaita walikuja, huku wakiimba "gooli, gooli" kila tukiinua. Mabawa hayakulowa.

Jumapili, 10 Novemba

Mama amekuja na sindano na uzi wa kitani. Amefumua bawa la kushoto lote. Alishona toka asubuhi mpaka alasiri, mishono midogo kama ya kanzu ya Ijumaa. Baba alipita nyuma yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Usifikiri nimekubali," Mama alisema bila kugeuka. "Sitaki tu waseme mume wangu aliangushwa na mshono."

Ijumaa, 22 Novemba

Injini iliwashwa kidogo, na gunia la mchanga mkiani. Baba ameitengenezea bomba la kuzima sauti. Ndege ilivuta mbele. Hakuna aliyeshangilia. Tulitazamana tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nyumbani pamekuwa na maneno.

"Wamekusahau," Mama alisema. "Sasa unataka kuwakumbusha."

"Hawajanisahau. Kila mtu mjini ananiita Tajudin Goli. Muuza nyanya Mganda leo kaniambia, 'Ssebo, ile ndege yako bado inaludi nyuma?'"

Afande Obwona alikuwa amekuja kunywa chai. "Nnyabo," alimwambia Mama kwa upole, "hiyo jina ndiyo kibali chake. Nani atachukua ndege ya kuchekesha?"

"Na asiporudi?" Mama akauliza. "Si jeshi ninaloliogopa sasa. Ni hewa."

Hilo ndilo swali.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule zimefungwa. Madam Emérence amesoma kurasa zangu chache nilizomchagulia. Chini aliandika kwamba natazama vizuri, na akaniuliza kwa mdomo, polepole, "Wanaenda kuirusha siku gani?" Nilimwambia. Akasema atatuombea.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua imekatika tangu juzi. Tuliondoka baada ya alfajiri kwa lori la kuazima, ndege juu yake, mabawa yamelazwa kando na kufungwa kwa kamba za mkonge. Mama alipanda mbele bila kualikwa, na kikapu cha chakula mapajani.

Njia ya Entebbe kuna kizuizi cha askari. Lori likasimama. Askari mmoja alipanda nyuma, akaitazama ndege, akamtazama Baba.

"Hii ndiyo ile nafunga goli?"

"Ndiyo, afande."

Akawaita wenzake. Walikuja wote, wakalizunguka lori, na kila mmoja alikuwa ameisikia hadithi, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake: kwa mmoja Baba alifunga magoli mawili.

"Leo napeleka wapi?"

"Mazoezini, afande," Baba akasema.

Walicheka mpaka bunduki zikagongana. Wakafungua kizuizi.

Kiwanja kimeota nyasi ndefu, lakini mlinzi alikuwa amefyeka njia moja katikati, maana Baba alikuwa amemtumia salamu. Walifunga mabawa. Afande Obwona alikaza nati zote na kuzifunga waya, kisha akaanza tena tangu mwanzo. Baba aliizunguka ndege akigusa kila kitu, akafika kwa Mama. Sikusikia waliloambiana. Lilikuwa fupi.

Injini iliwaka, kwa sauti nyororo zaidi. Mama alikwenda kukaa chini ya ukingo wa kiwanja, akageuza mgongo, akatoa uzi na kuanza kufuma kofia kana kwamba yuko barazani. Nilisimama kati yake na njia.

Ndege ikaanza kwenda. Ilikwenda ikirukaruka juu ya mashimo, mkia ukainuka, nyasi zikalala pande zote mbili. Njia ilikuwa inakwisha. Niliona miti ya mwisho wa kiwanja, na niliona nyekundu ya udongo, kisha baina ya magurudumu na udongo pakawa na mwanga. Mwembamba kama uzi. Ukapanuka.

"Inaelekea wapi?" Mama aliuliza. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Mbele, Mama."

"Na sasa?"

"Juu. Imepita miti. Anapinda kushoto. Sasa naona mabawa yote mawili."

"Mshono?"

"Umekaza."

Ndipo akageuka. Baba alizunguka mara moja juu yetu, juu ya mashamba ya viazi na barabara na mabati ya watu, na jua likapita ndani ya kitambaa cha mabawa nikaona mbavu zote za ndani, kama unavyoona mifupa ya mkono ukiuweka mbele ya taa. Afande Obwona alikuwa ameshika kofia yake kifuani na anasema jambo kwa lugha ya kwao. Nilisikia jina la Oloya.

Baba alitua vibaya kidogo, akadunda, akadunda tena, akasimama. Alizima injini. Hakushuka mara moja, na tulipofika aliendelea kushika usukani, anatabasamu na machozi yanashuka, kama asiyejua kwamba anafanya yote mawili.

Afande Obwona alikwenda kugusa mikanda kama imepata moto. Mimi nilishika bawa. Mama aliizunguka ndege yote, pole pole, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akachungulia ndani.

"Kiti kimoja," alisema. "Wakati wote huu ulikuwa unamjengea nani, Baba Sabah? Wewe mwenyewe tu?"

Baba alishuka, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akaniambia nimletee futi ya kupimia.